Je, Wajua? Ekari za Ushuani

Je, wajua kwamba Karen, mtaa ambao ukiutaja Nairobi watu huinua nyusi, ni shamba la kahawa lililofilisika? Mwandishi Karen Blixen alitoka Denmark akafika nchini 1914, na kwa miaka 17 akapigana na mibuni ya ekari 600 chini ya vilima vya Ngong. Mahali penyewe palikuwa juu mno kwa kahawa. Mvua zilikatika, bei ya dunia ikaanguka, na 1931 shamba likauzwa. Mnunuzi, Remy Martin, alilikata vipande vya ekari 20 kila kimoja, akaanza kuwatafuta wajenzi. Familia za Wakikuyu waliokuwa wakiishi humo kama maskwota iliwabidi wahame; Blixen aliwabembeleza wakubwa wa serikali mpaka wakapewa mahali pa kukaa pamoja huko Dagoretti.

Kwa hiyo mtaa ulianza kwa mambo mawili: watu kuhamishwa na ardhi kukatwa. Ukitaka kujua nani ameishi ushuani, yaani mitaa ya matajiri, kwa miaka mia iliyopita, na nani anaishi leo, fuata hayo mawili.

Je, wajua kwamba jina lenyewe lina ubishi? Wapo wanaosema mtaa uliitwa kwa heshima ya mwandishi, na wapo wanaosema ulitokana na jina la kampuni ya kahawa, ambayo nayo ilikuwa na Karen mwingine, binti wa mwenyekiti wake. Filamu ya 1985 juu ya maisha ya Blixen ilimaliza ubishi huo kwa watalii, si kwa wanahistoria. Mwaka uliofuata, nyumba ya Blixen ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Je, wajua kipande kimoja cha zile ekari 20 kinatoa majirani wangapi? Kikate nusu ekari nusu ekari, unapata viwanja 40 kabla hujatoa barabara. Kikate kwa kipimo kinachotangazwa redioni kila wikendi na makampuni ya ardhi, futi 50 kwa 100, na unapata zaidi ya 170. Udongo ni uleule, lakini hao ni watu wa aina mbili tofauti kabisa, wenye magari tofauti na shule tofauti za watoto.

Na wajua ni nini kimeizuia Karen isikatwe hivyo kwa muda mrefu? Choo. Sehemu kubwa ya mtaa huo haina bomba la majitaka la jiji. Kila nyumba ina tangi lake la choo chini ya nyasi na shimo la kunyonyea maji machafu, na nyingi zina kisima kirefu cha kuchimba kwa mashine. Tangi na kisima haviwezi kukaribiana, la sivyo mtu atakunywa alichokitupa jana. Ndiyo maana kanuni za mipango ya jiji zilidai kiwanja kikubwa mahali pasipo na bomba. Wakazi wenyewe, kupitia chama chao kilichoanza 1940, wamekuwa wakienda mahakamani kuilinda kanuni hiyo. Wanapozungumza hadharani hutaja miti, ndege na utulivu wa kijijini. Hakimu akitaka hoja nzito zaidi, hutajwa majitaka.

Maji ya visima hivyo nayo yana lake. Sehemu nyingi za Nairobi maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi, ile inayoyapaka meno rangi ya kahawia. Hivyo unaweza kukuta ukuta wa mamilioni, bwawa la kuogelea, na lori la maji limesimama getini likisubiri kufunguliwa.

Je, wajua kwamba ubaguzi wa makazi Nairobi ulivaa koti la daktari? Reli ilifika 1899. Mwaka 1902 tauni ikaingia katika soko la Wahindi, na afisa wa afya akaamuru soko zima lichomwe. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na Uingereza, alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watenganishwe makazi kwa ajili ya afya. Mwaka huohuo, tarehe 31 Desemba, Klabu ya Muthaiga ilifungua milango yake. Wazungu wakachukua upande wa juu, wenye udongo mwekundu, upepo na miti. Waasia wakapata Parklands na Eastleigh. Mwafrika akaelekezwa mashariki, bondeni, kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kumeza viatu masika.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza, katika waraka uitwao wa Devonshire, ilitangaza kwamba kuwatenga Waasia na Wazungu katika makazi ya mijini hakutakuwa sera tena. Kwenye karatasi, mambo yakaisha. Mitaani hayakuisha, kwa sababu kazi ya serikali ilichukuliwa na wanasheria. Hati za viwanja katika mitaa ya Wazungu ziliandikwa masharti ya siri isiyo siri: kiwanja hiki hakitakaliwa na Mwasia wala Mwafrika, isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani.

Soma tena hilo la mwisho. Isipokuwa awe mtumishi. Mpishi, yaya na mtunza bustani ilibidi walale karibu ili chai ya alfajiri isichelewe. Kwa hiyo nyuma ya kila nyumba kubwa kulijengwa chumba kimoja au viwili, karibu na kamba za nguo na rundo la kuni, mlango ukitazama ukuta ili wageni waliokaa barazani wasione anayeingia wala anayetoka. Hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo Mwafrika aliruhusiwa na hati ya kiwanja kulala Muthaiga.

Chumba hicho bado kipo. Kinaitwa SQ, kifupi cha Kiingereza cha chumba cha mtumishi, na je, wajua ni nani anayeishi humo sasa? Mhasibu kijana, mwanasheria wa mwaka wa kwanza kazini, msichana wa benki mwenye shahada mbili. Mwenye nyumba ni mama mzee mjane, watoto wako Toronto na Houston, bustani imemshinda, na pensheni haifiki tarehe 20. Akapiga rangi SQ, akaweka sinki na kigae, akatafuta mpangaji mtulivu asiye na wageni wengi. Mpangaji naye anapata Lavington kwa bei anayoweza kuvumilia, na anwani inayompendeza mkuu wake wa kazi. Anaoshea vyombo pale pale mpishi alipoviosha mwaka 1950. Ukiwauliza watakwimu, mtaa huu umepata mkazi mpya mwenye elimu ya juu na kipato cha kati. Ukimuuliza yeye, atakwambia anaishi Lavington, na hatakwambia mlango unatazama wapi.

Tena wajenzi wa ghorofa mpya hawajakiacha chumba hicho. Tazama tangazo lolote la nyumba ya vyumba vitatu Kileleshwa: mwishoni utaona limeongezwa SQ. Kipo nyuma ya jikoni, dirisha dogo juu, kitanda kinagusa kuta mbili. Uhuru ulikuja 1963 lakini mchoro wa nyumba haukubadilishwa.

Je, wajua Waasia walikuwa wangapi? Sensa ya 1962 iliwahesabu zaidi ya 176,000 nchini Kenya. Katika sensa ya 2019, raia wa Kenya wenye asili ya Asia walikuwa 47,555. Mwaka 1967 zilipitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Mapema 1968 ndege za kwenda London zilijaa, watu wakikimbilia kuingia kabla Uingereza haijafunga mlango, nayo ikaufunga Machi mwaka huohuo kwa sheria yake mpya. Nyumba za Parklands zikapata wenyeji wapya, wengine kwa bei ya kutupa. Waliobaki wakaendeleza misikiti, mahekalu, hospitali na shule, na 2017 serikali ikawatambua kuwa kabila la 44 la Kenya. Leo watoto wao ndio miongoni mwa wanaobomoa nyumba za babu zao za vigae vyekundu na kuinua ghorofa.

Je, wajua kwamba Kilimani na Kileleshwa zilikuwa na nyumba nyingi za serikali? Afisa alipewa nyumba ya mawe yenye bomba la moshi, mparachichi nyuma, na kiwanja ambacho leo kingebeba familia mia moja. Nyumba hizo zilianza kupungua kimyakimya. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, zikiwemo nyumba za serikali, ilivyogawiwa watu wenye vyeo na marafiki zao kinyume cha sheria. Wakenya wana msemo mfupi kwa hilo: ardhi ilinyakuliwa. Basi tunaposema ushuani kuliingiwa na tabaka jipya la matajiri Waafrika baada ya uhuru, tuseme pia kwamba si wote walionunua.

Msitu wa Karura uliponea chupuchupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilishagawiwa wajenzi wa majumba, jirani kabisa na Muthaiga na Gigiri. Wangari Maathai alikwenda na miche ya kupanda. Tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake wakapigwa getini na genge la walinzi. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Leo ni zaidi ya hekta 1,000 za miti, na wakazi wa mitaa ya jirani, baadhi yao wakiwa wamenunua nyumba kwa sababu ya kivuli hicho, wanakimbia humo Jumamosi asubuhi wakiwa na mbwa wao kambani.

Je, wajua ni taasisi gani iliyobadilisha Nairobi kaskazini kuliko waziri yeyote wa ardhi? Umoja wa Mataifa. Desemba 1972 Baraza Kuu liliamua makao ya shirika la mazingira, UNEP, yawe Nairobi. Ndiyo makao makuu ya kwanza ya Umoja huo katika nchi zinazoendelea. Makao hayo yalipojengwa Gigiri, hapo pakawa eneo la mabalozi. Ubalozi wa Marekani, ulioshambuliwa kwa bomu katikati ya jiji Agosti 7, 1998, ulihamia huko 2003. Mashamba ya kahawa ya Runda yakageuka majumba ya kupangisha. Mpangaji anayelipwa kwa dola ni kitu kitamu kwa mwenye nyumba anayelipa mkopo kwa shilingi, na shilingi inapoteleza mwenye nyumba wa Runda halii kama sisi.

Je, wajua watu wangapi wanakaa katika kilomita moja ya mraba? Sensa ya 2019 ilikuta Mathare karibu 69,000. Lang'ata, ambamo imo Karen, 911. Kabla hujashtuka sana, kumbuka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117, imehesabiwa humo, na simba hawaandikishwi katika sensa. Lakini hata ukiiondoa, unabaki na watu kama 2,000. Na Westlands, takriban 3,200, ni wastani unaodanganya vilevile, kwani ndani yake imo Kangemi yenye mabati yaliyobanana na Loresho yenye nyasi zilizokatwa kwa mashine. Anayetaka kujua kipato cha mtaa kwa wastani wa kaunti ndogo atapotea.

Mitaa ya matajiri na ya maskini, kwa kweli, haijawahi kuachana. Lavington ina Kawangware. Runda ina Githogoro. Muthaiga ina Mathare. Simama Barabara ya Gitanga saa kumi na mbili unusu asubuhi uone: akina mama wenye mikoba ya plastiki na viatu vya kazini ndani yake, mafundi wa bustani wenye mapanga yaliyofungwa gunia, soja wa usiku akirudi na soja wa mchana akienda, wakisalimiana bila kusimama. Mama mboga ameshapanga nyanya mafungu mafungu nje ya geti lililoandikwa Mbwa Kali. Mteja wake hashuki. Anapiga simu, analipa kwa M-Pesa, na mboga zinapandishwa hadi ghorofa ya tisa.

Je, wajua kwamba kwa miongo minne ghorofa ya nyumba 60 na nyumba moja ya bibi ziliweza kulipa kodi ileile ya ardhi? Nairobi ilitoza kiwanja chenyewe, haikutoza jengo lililo juu yake. Tena thamani ya kiwanja ilikuwa ile iliyopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bei sokoni ikapanda, daftari la jiji likabaki palepale. Badala ya kupima upya, jiji lilipandisha asilimia, hadi 34 ya thamani hiyo ya zamani. Daftari jipya lilipokuja kutumika, asilimia ilishuka hadi 0.115, kwa sababu thamani mpya zilikuwa kubwa kupita kiasi. Kijana aliyepanga SQ hakuliona badiliko. Mjane aliyekaa juu ya ekari moja Kileleshwa aliliona, na simu ya mjenzi ikaanza kusikika tamu zaidi.

Hebu tupige hesabu ya ekari yake. Alipohamia na mume na watoto watatu, walikuwa watano na wafanyakazi wawili. Weka hapo jengo la nyumba 60. Wastani wa watu kwa kaya Nairobi, kwa sensa ya 2019, ni 2.9. Hao ni watu 174 juu ya bomba la majitaka lililochimbiwa watu saba, na barabara ileile isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Ndiyo sababu Kilimani mvua ikinyesha lami hugeuka mto, na kila Alhamisi mtu fulani anatangaza kukatika kwa maji.

Wanaoingia katika nyumba hizo 60 ni akina nani? Madaktari na wahandisi wa miaka thelathini na kitu. Wachina, ambao kampuni za nchi yao zilijenga Barabara Kuu ya Thika na ile ya juu ya kilomita 27 inayoishia Westlands; maduka na mikahawa yao, yenye mabango ya Kichina, yamejaa Kilimani. Wasomali waliofanikiwa Eastleigh, mtaa ambao baada ya Somalia kuvunjika 1991 uligeuza vyumba vya kulala wageni kuwa maduka, na ambao sasa watoto wake wanatafuta lifti na maegesho ya chini. Wakongo, Wasudani Kusini. Na wapangaji wa siku tatu wanaoburuta masanduku ya magurudumu, ambao majirani hawawajui majina wala hawataki kuwajua.

Na wenye nyumba? Wengi wako ng'ambo. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na sehemu yake iligeuka kuwa mawe na simenti. Tangu sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo, ya 2020, mtu anaweza kushika hati ya nyumba yake ya ghorofa ya saba, badala ya hisa katika kampuni inayosimamia jengo. Kwa aliyeko Boston, kushika karatasi yenye jina lake kulipunguza usingizi wa mang'amung'amu.

Je, wajua mikopo ya benki ya kununulia nyumba ni mingapi Kenya nzima? Kufikia mwisho wa 2023, kama 30,000. Kaya nchini, kwa sensa ya 2019, zilikuwa milioni 12.1. Kwa hiyo ukiona kreni kumi juu ya Kileleshwa, usifikiri benki ndiyo inayowapandisha vijana ngazi ya kumiliki. Ni fedha taslimu, sacco, ardhi ya ukoo iliyouzwa kijijini, na nyingine ambazo haziulizwi zilikotoka.

Je, wajua mgeni hawezi tena kumiliki ardhi Kenya daima dawamu? Katiba ya 2010 inampa kipindi kisichozidi miaka 99. Walowezi walikuwa na mashamba ya miaka 999, kwa sheria ya 1915. Mgeni aliyekuwa nayo akajikuta, usiku mmoja wa Agosti, amekatwa mamia ya miaka. Katika historia ya kukata ardhi nchini, hakuna mkato mkubwa kama huo uliofanywa bila rula.

Na mwisho, je, wajua kwamba si Nairobi iliyokua kwa kasi zaidi? Kati ya 2009 na 2019 jiji lilitoka watu milioni 3.1 hadi milioni 4.4, ongezeko la asilimia 40. Kiambu iliongezeka asilimia 49. Kajiado, upande wa pili wa vilima vya Ngong, asilimia 63. Anayeshindwa na bei ya Karen hushuka Rongai au Ngong mjini. Anayeshindwa na Runda huvuka barabara tu akapanga Ruaka, mahali palipokuwa na migomba na ng'ombe wa maziwa juzijuzi na sasa pana ghorofa zilizobebana. Mbele zaidi, kahawa ya Kiambu inang'olewa. Nchi iliyotoa zaidi ya tani 120,000 za kahawa kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 sasa inatoa karibu nusu yake au pungufu, na karibu na Ruiru, Tatu City inajengwa kwenye ekari 5,000 za shamba. Vipimo vya kuuza vimeshachorwa, na mahali pengi katika kaunti hiyo kipimo ni kilekile, 50 kwa 100.